Sonata ya Kwanza ya Brahms kwa Piano na Sello: Namna ya Kuiandaa Mkiwa Wawili

Sonata ya mtunzi Johannes Brahms katika E maina (E minor), Opus 38, ni miongoni mwa kazi za kwanza ambazo wapiga sello wengi huzishika wanapoingia kwenye muziki mkubwa wa karne ya 19. Ndiyo pia inayowavunja moyo wengi. Kila mmoja anaimudu vizuri akiwa peke yake chumbani, lakini wakikutana, sello haisikiki. Mpiga piano anaambiwa apunguze, anapunguza, anaambiwa apunguze tena, mpaka muziki mzima unakosa uti wa mgongo, na bado sello haisikiki.

Kabla ya kutafuta dawa, ujueni ugonjwa. Brahms aliiandika kati ya mwaka 1862 na 1865, na ilipochapishwa mwaka 1866 iliitwa sonata ya piano na sello, piano ikitajwa kwanza. Piano hapa haikuletwa kusindikiza. Ni mshirika kamili, na mara nyingi ndiyo inayoshika hoja. Pili, sello imeandikiwa chini sana. Noti yake ya kwanza kabisa ni E ya chini, karibu hertz 82, juu kidogo tu ya uzi wa C ulio wazi ambao una hertz 65. Eneo hilo ndilo makazi ya mkono wa kushoto wa piano. Sauti mbili nzito zikikaa mahali pamoja, ile inayodumu zaidi huimeza nyingine. Piano ya Brahms mwenyewe nyumbani ilikuwa ya Conrad Graf, iliyotengenezwa mwaka 1839 na ambayo alipewa na mpiga piano Clara Schumann mwaka 1856: fremu ya mbao, nyundo ndogo, besi inayozimika upesi. Piano kubwa ya leo ina fremu ya chuma na besi yake inavuma muda mrefu baada ya kidole kuondoka. Kwa hiyo cha kushughulikia kwanza ni urefu wa sauti ya piano, na ukubwa wake ufuate baadaye. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nzito iliyo fupi na safi huiachia sello nafasi kuliko kodi laini inayoelea kwenye pedali.

Nota kwanza

Kila mmoja awe na nota kamili ya piano, ile yenye mstari wa sello juu yake. Mpiga sello anayejifunza kwenye karatasi yake peke yake hajui anaingia juu ya nini, na katika kazi hii hilo ni kosa kubwa. Matoleo ya Henle, Bärenreiter na Wiener Urtext ni ya kuaminika. Nota za zamani zisizo na hakimiliki zinapatikana bure kwenye intaneti, ila nyingi zimeongezewa na wahariri alama za upinde na mistari ya kuunganisha noti ambayo Brahms hakuiandika. Mkitumia hizo, linganisheni karatasi ya sello na mstari wa sello ulio kwenye nota ya piano. Pale vinapotofautiana, ujue kuna mkono wa mtu mwingine.

Wekeni namba za vipimo (visehemu vya nota vinavyotengwa kwa mistari ya wima) kila baada ya vipimo kumi, kwenye nota zote mbili, siku ya kwanza. Mazoezi ya saa mbili hupoteza dakika nyingi kwa maneno kama "turudi pale kabla ya ile inayopanda".

Sonata ina sehemu tatu: Allegro non troppo, Allegretto quasi Menuetto na Allegro. Hakuna sehemu ya polepole. Brahms aliiandika Adagio kisha akaiondoa kabla ya kuchapisha. Ndiyo maana tunashauri mrudie mafungulio ya sehemu ya kwanza, yaani kipande cha mwanzo kinachotambulisha mada zake, kama alivyoelekeza. Utulivu wote wa kazi hii umewekwa humo, na ukiruka marudio, fuga ya mwisho (muziki ambamo sauti huingia moja baada ya nyingine na mada ileile) inamfikia msikilizaji kabla hajatulia. Kwa marudio, sehemu ya kwanza inachukua karibu dakika 14, na sonata nzima karibu 25.

Kutyuni: pale sello na piano zinapokosana

Piano hutyuniwa kwa kugawanya oktava sawasawa, na kwinti zake (umbali wa noti tano, kama D kwenda A) ni finyu kidogo kuliko kwinti safi. Mpiga sello hutyuni kwa kwinti safi, A kwenda D, D kwenda G, G kwenda C. Kila kwinti inatofautiana na ya piano kwa senti mbili hivi (senti 100 ni nusu toni moja), na tofauti inajilimbikiza: ukifika kwenye uzi wa C, upo karibu senti 6 chini ya C ya piano. Senti 6 ni kidogo, lakini kwenye sauti ndefu ya chini pamoja na piano husikika kama mtetemo mchafu.

Fanyeni hivi. Mpiga piano apige kodi ya D maina na kuishikilia, si noti ya A peke yake. Mpiga sello achukue A ndani ya kodi hiyo, kisha D. Baada ya hapo mpiga piano apige G na C zake moja moja, na sello ipandishe nyuzi hizo kidogo mpaka mtetemo utulie. Kwinti kati ya nyuzi zitakuwa finyu kidogo sikioni. Acheni hivyo. Ukumbini, ulizeni mapema piano imewekwa A ya hertz ngapi: 440 ni ya kawaida, lakini huko Ulaya mara nyingi utakuta 442, na sello iliyozoea 440 inahitaji dakika kadhaa nyuzi zikae.

Mpiga sello atafute pia mbwamwitu wa sello yake, yaani ile noti inayotetemeka na kukataa kutoka vizuri. Kwenye sello nyingi hukaa kati ya E na F kreshi (F#) ya katikati. Sonata iko katika E maina, kwa hiyo mtakutana naye mara kwa mara. Kizibo kidogo cha shaba na mpira kinachofungwa kwenye uzi chini ya daraja, mara nyingi uzi wa G au C, humtuliza. Kisogezeni milimita mbili mbili mpaka noti isimame, kisha wekeni alama ya penseli mahali pake.

Aliyezoea taarabu ya Unguja, ambako sello hukaa na fidla na kanuni na sauti zinaweza kukaa kati ya funguo za piano, ataona hii ni jela. Kwa sonata hii hakuna njia nyingine: piano haisogei, basi sello ndiyo inayokwenda kuikuta.

Sehemu ya kwanza

Sello inaanza na wimbo unaopanda E, G, B, ukagusa C na kurudi B. Piano inajibu kwa kodi zinazokwepa mapigo yenye uzito. Hapo ndipo onyesho linaposhinda au kushindwa, na ni sekunde chache tu za muziki.

Mpiga piano: asitumie pedali kabisa kwenye mazoezi ya wiki ya kwanza. Kila kodi iguswe, ishikwe kwa thamani yake kamili na kuachwa wakati pumziko linapoandikwa. Pumziko hilo ndilo dirisha ambamo E ya sello inasikika. Kodi zikishazoeleka bila pedali, ongeza robo ya pedali, mguu ukishuka na kupanda na kila kodi. Uzito wa mkono uende kwenye kidole cha juu cha mkono wa kulia, na noti za chini ziguswe kwa wepesi. Kosa la kawaida ni kodi kukimbilia mbele. Mkono unaosubiri pigo dhaifu huchoka kusubiri. Dawa yake ni mpiga piano kutamka pigo la kwanza kwa sauti, "moja", huku akipiga, mpaka pigo hilo limkae mwilini.

Mpiga sello: E hiyo ni kidole cha tatu kwenye uzi wa C. Usiikandamize. Uzi wa C ni mnene na unachelewa kuitika, na ukiuminya kwa upinde sauti inakwama kwenye mbao, haivuki safu ya tatu ya viti. Anza upinde ukiwa tayari umegusa uzi, uuvute kwa kasi ya wastani, na uusogeze karibu na daraja kuliko unavyofanya kwa alama ya p (sauti ndogo). Hapo unapata sauti ndogo yenye kiini, inayosafiri.

Kisha uamue njia ya kidole. Unaweza kubaki kwenye uzi wa C kwa G, au kuvuka kwenda uzi wa G. Kubaki kunatoa rangi moja nzito, na kuvuka kunatoa maneno yanayoeleweka. G ikipigwa wazi haina mtikisiko wa kidole (vibrato), kwa hiyo ikiwa na nguvu zaidi ya jirani zake inajitokeza kama meno ya mbele. Rekodini njia zote mbili kwa simu iliyowekwa nyuma kabisa ya ukumbi, si juu ya piano, kisha mchague. Kwenye chumba kidogo chenye piano ya ukutani uzi wa C unashinda. Kwenye ukumbi wenye piano ya mita 2.74, mara nyingi kuvuka ndiko kunakosikika.

Wimbo unapopita kwa piano, mambo yanageuka: sasa sello ndiyo inayotakiwa kukaa kando. Wapiga sello wengi husahau hilo na kuendelea kuimba. Mfike mahali ambapo msikilizaji anajua bila kuangalia ni nani mwenye wimbo.

Mwendo: Brahms hakuandika namba za metronomu. Tunashauri kuanza mazoezi kwa mapigo 84 kwa dakika na kufikia 100 hadi 108 jukwaani. "Non troppo" ni onyo la kweli. Ukizidi 112, kodi za mwanzo zinakuwa za kuhangaika na kipande cha mwisho, kinachoishia katika E meja kwa upole, hakipati hewa. Namna nzuri ya kuupata mwendo ni kuuchukua kutoka kipande chenye noti fupi zaidi: kiimbeni hicho kichwani kwa sekunde tano, kisha anza mwanzo kwa mwendo huohuo.

Kwenye kipande cha kati, pale wote wawili wameandikiwa ff (kwa nguvu sana), mpiga piano apige ff kwelikweli kwenye mkono wa kulia na mf (nguvu ya wastani) kwenye wa kushoto. Abadilishe pedali mara mbili kuliko anavyotamani. Sello ikiwa juu kwenye uzi wa A haihitaji kusaidiwa. Ikiruka kwenda chini, hapo ndipo piano ipunguze, kwa noti hizo tu, na irudi mara moja. Wekeni duara la penseli kwenye kila noti ya sello iliyo chini ya G ya uzi wazi wakati piano ina f (kwa nguvu) au zaidi. Mtapata duara nyingi kwenye fuga, chache hapa. Duara hizo ndizo ramani yenu ya usawa wa sauti.

Menuetto

Hii iko katika A maina na inamtaka mpiga piano ndiye avute pumzi na kuanzisha. Mpiga sello amwangalie kifua, si vidole. Iwe nyepesi, mapigo 108 hivi, na noti za upinde zisiwe na mkia. Kipande cha katikati kinahamia F kreshi maina, na hapo piano inauzungushia wimbo wa sello noti nyingi zinazotiririka. Sello ndiyo mstari, piano ni maji yanayoupitia. Yakizidi maji, mstari unazama, kwa hiyo pedali iwe nusu na ibadilishwe kila wimbo unapohama noti. Mkirudi mwanzo msirudie kila kitu kwa sura ileile. Mara ya pili iwe ndogo kidogo.

Fuga

Sehemu ya mwisho ndiyo sababu ya duara za penseli. Mada yake inafanana na mada ya Contrapunctus 13 ya Bach kutoka *Sanaa ya Fuga*: mruko wa oktava kwenda chini, kisha noti tatu tatu zinazokimbia. Mkono wa kushoto wa piano unaanza peke yake, sello inaingia ya pili, mkono wa kulia wa tatu. Waimbaji wa kwaya wataelewa haraka: besi, teno, soprano, kila mmoja ana haki sawa, na anayemaliza mada anamwachia mwenzake njia.

Fanyeni mazoezi kwa wiki mbili bila kuipiga nzima hata mara moja. Siku ya kwanza, mkono wa kushoto na sello tu. Siku ya pili, mkono wa kulia na sello. Siku ya tatu, mikono miwili ya piano huku mpiga sello akiimba mstari wake kwa mdomo. Akishindwa kuuimba, hajaujua. Kisha unganisheni, kwa mapigo 72, mkiongeza manne kila siku. Lengo ni 112 hadi 120. Juu ya hapo noti tatu tatu za sello kwenye uzi wa C zinageuka kuwa ngurumo, na mkifika mwisho, ulioandikwa Più presto (haraka zaidi), hamna tena pa kuongezea.

Kuna mahali ambapo mmoja ana noti mbili kwa pigo na mwenzake ana tatu. Waliokulia Pwani karibu na chakacha wana mgongano huo damuni, na wautumie: msihesabu kwa kichwa, pigeni makofi, mmoja mbili, mwingine tatu, kwa dakika mbili kabla ya kushika ala. Kosa hapa ni mwenye mbili kuzilegeza ziingie kwenye tatu. Fuga inapoteza makali papo hapo.

Mada inapoingia kwa sello chini, mpiga piano awe na noti fupi zisizoungana na mguu uwe sakafuni, si kwenye pedali. Mpiga sello naye aikate ile oktava ya mwanzo: noti ya juu ipate mwanzo mkali, kisha pengo dogo kama herufi isiyotamkwa, kisha noti ya chini. Sikio la msikilizaji likishaikamata mwanzoni, litaifuata hata pale sauti inapofunikwa. Hilo ndilo jambo lenye faida kubwa kuliko yote katika ukurasa huu, na halihitaji nguvu hata kidogo. Kwa noti tatu tatu, tumieni nusu ya chini ya upinde, sentimita 8 au 10 tu kwa kila noti. Upinde mrefu unachelewa.

Kuhusu nani anaongoza wakati wa kulegeza mwendo: mwenye noti fupi zaidi ndiye anayeamua, mwingine anafuata. Mwenye noti ndefu hawezi kujua mwenzake anahitaji nafasi kiasi gani.

Jukwaa, kiti na kifuniko

Sello ikae kwenye mkunjo wa piano, mita moja hivi mbele yake, imegeuzwa kidogo ili matundu yake yaelekee watu. Mpiga piano aone mkono wa upinde bila kugeuza shingo. Mkiona mnalazimika kugeuka, sogezeni kiti, msizoee.

Kifuniko cha piano kifunguliwe chote. Watu wengi hukishusha nusu kwa kuionea sello huruma, na matokeo huwa mabaya zaidi: kifuniko huakisi zaidi sauti za juu, kwa hiyo ukikishusha unapoteza uwazi huku besi ikibaki palepale, na besi ndiyo inayoimeza sello. Ikiwa lazima kupunguza, wekeni zulia chini ya piano, si chini ya sello. Sello ikae kwenye mbao. Jukwaa dogo la mbao lenye uwazi ndani, la mita moja na nusu kwa mita moja na nusu na urefu wa sentimita 20, huongeza sauti ya chini kwa namna inayosikika.

Sakafu ya vigae au terazo ni hatari: mguu wa sello (fimbo inayosimama sakafuni) unateleza katikati ya fuga. Mkanda wenye kitanzi unaofungwa kwenye mguu wa kiti unatosha, na uwe kwenye mfuko wa sello daima, pamoja na uzi wa A wa akiba.

Hewa ya ukumbi

Sello na piano zote zinapenda unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar mara nyingi zinapita 70. Mbao za sello zinavimba, nyuzi zinapanda juu ya ubao wa vidole na mkono unachoka upesi, vigingi vinakwama. Kwenye miezi mikavu ya Nairobi mambo yanageuka, vigingi vinalegea na kuteleza. Pakiti za silika ndani ya mfuko zinasaidia pwani. Zikaushwe kila wiki. Piano nayo, unyevu ukipanda, sauti zake za katikati hupanda kuliko zile za pembeni, kwa hiyo inakosana na nafsi yake yenyewe.

Fundi wa piano aje siku ya onyesho, saa chache kabla, na akute ukumbi katika hali utakayokuwa nayo jioni: kiyoyozi kikiwa kimewashwa au kimezimwa, madirisha yakiwa kama yatakavyokuwa. Kutyuni asubuhi bila kiyoyozi na kukiwasha saa kumi na mbili jioni ni kazi bure.

Jioni yenyewe

Fanyeni jaribio la dakika 30 tu, na mpige vipande vitatu: mwanzo wa sehemu ya kwanza, mwingilio wa sello kwenye fuga, na kurasa mbili za mwisho. Mtu mwenye masikio akae safu ya nyuma na aulizwe swali moja kwenye kila kipande: mada ilikuwa kwa nani? Asipojua, mpiga piano afupishe, asipunguze. Ukumbi ukijaa, nguo na miili hunyonya mwangwi na sauti zinakuwa kavu zaidi, hivyo pedali mliyoiona inatosha mchana inaweza kuhitaji kuongezwa kidogo.

Mgeuza kurasa akae kushoto kwa mpiga piano, asimame kila anapogeuza, na mkono wake upite juu ya nota, si mbele ya macho. Kwenye fuga ageuze kwa ishara ya kichwa tu, kwa sababu akifuata nota mwenyewe ni rahisi kupotea.

Mwisho wa sehemu ya kwanza, E meja ikishazimika, upinde ubaki kwenye uzi na mguu ubaki kwenye pedali mpaka sauti iishe ukutani. Kisha mpiga sello ashushe mkono taratibu, na mpiga piano asubiri mkono huo utulie gotini kabla ya kuvuta pumzi ya Menuetto.